Mfagia Mlima wa Mkuyuni

Paskazia alianza kufagia mlima wa Nyamabale kwa sababu alikuwa ameamka. Sababu nyingine zilitafutwa baadaye na watu wengine, na baadhi zilikuwa nzuri, lakini ukweli ni huo. Kiwanda cha nguo alichokifanyia kazi tangu usichana wake kilikuwa kimepunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Meneja aliwakusanya uwanjani akawaambia kwamba nchi sasa imefungua milango na kila mtu atajitafutia mwenyewe. Hakusema atajitafutia nini. Mwili wa Paskazia, uliozoea zamu ya asubuhi, haukuelewa habari za milango. Uliendelea kuamka, ukaoga, ukavaa, ukafika kizingitini, halafu ukasimama pale ukiwa hauna pa kwenda.

Mwanzoni alifagia uwanja wake. Ulipokwisha akafagia wa jirani yake Sabina, na Sabina akanuna kwa kuona ametukanwa. Ndipo Paskazia akazunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo kijia kinaanza kupanda mlimani katikati ya mawe, akainama akaanza. Kwao Ukerewe alilelewa kwamba mahali panapopita miguu ya watu hufagiwa. Kijia kile kilipitwa zaidi na mbuzi, lakini hilo hakuliona kuwa sababu ya kukiacha kichafu.

Mumewe, Chenge, alikuwa Msukuma wa upande wa Bujora, fundi baiskeli kando ya barabara kuu pale Mkuyuni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama mkewe akipanda na ufagio kwa muda wa kutosha, halafu jioni moja, akiwa ananawa grisi mikononi, akasema, "Mama Hellen. Ule ni mlima."

"Najua."

"Haya," alisema Chenge, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kila siku alifagia alipofikia jana, akaongeza kipande. Alisukuma vijiwe pembeni, akakata matawi ya miiba yaliyolala njiani, na penye utelezi akapanga mawe bapa ya kukanyagia. Mvua za masika zilipokwisha alikuwa amefika kileleni. Kileleni mawe ya Mwanza yamekaa kama yalivyokaa kila mahali, kubwa juu ya dogo, bila kuomba ushauri wa mtu. Mikuyu imeota kwenye nyufa zao, na chini yake mishubiri na mijusi wenye vichwa vyekundu wanaopiga pushapu mchana kutwa. Ukisimama hapo unaliona ziwa lote la upande ule. Miaka hiyo magugumaji yalikuwa yamefunika ghuba, kwa hiyo ziwa lilikuwa la kijani, na wavuvi walipita humo wakisukuma kwa upondo kama watu wanaopalilia.

Hapo ndipo alipowakuta pimbi.

Kwa asiyewajua, pimbi ni mnyama wa ukubwa wa sungura, hana mkia, na ana uso wa mtu aliyeamshwa usingizini ili ajibu swali. Jua likichomoza hutoka kwenye nyufa, hujipanga juu ya jiwe ubavu kwa ubavu, wakubwa na watoto, hukaa. Kazi yao ya asubuhi ni hiyo. Mmoja hubaki amesimama juu kabisa, na akiona mwewe hupiga mluzi, wote wakatumbukia ndani, mwewe akipita wakarudi wakakaa. Wana mahali pamoja pa kujisaidia, vizazi na vizazi, mpaka jiwe limekuwa jeupe, na Paskazia aliuona huo kuwa ustaarabu ambao stendi ya mjini ilikuwa haijaufikia.

Aliketi akawatazama. Tangu siku ile uwanjani alikuwa hajaona kiumbe ambaye hajitafutii kitu. Redioni watu walijitafutia, barabarani walijitafutia, hata padri alikuwa ameanza kufuga kuku wa kisasa. Pimbi waliota jua. Paskazia aliwapenda, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Bila shaka watu walisema. Sabina alimpitia jioni moja na sura ya mtu aliyebeba habari, akamwambia kwamba mwanamke wa makamo anayepanda mlimani peke yake alfajiri na ufagio anaweza kueleweka vibaya. Kwa miaka ile, na kwa upande ule wa ziwa, maneno hayo hayakuwa ya kucheka. Vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga vijijini kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa kuni wa maisha yao yote. Chenge alisikia, akawaza, akatoa shauri. Tangu siku hiyo Paskazia alipanda jua likiwa limetoka, amevaa kitenge cha kwaya chenye picha ya msalaba mgongoni, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti inayofika barabarani. Hakuwa na sauti nzuri. Mkuyuni nzima iliridhika kwamba mchawi hawezi kuimba vibaya namna ile.

Katika mwaka wa pili alipata mwenzake. Mzee Liaqat alikuwa na duka la vitenge mjini, ambalo alikuwa amemkabidhi mwanawe Aftab baada ya kupatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia atembee au alale kitandani, achague. Gari lilisimama chini ya mlima kila asubuhi, na mkewe, Bibi Gulbanu, alibaki ndani mlango ukiwa wazi, akimtazama mumewe mpaka amepotea nyuma ya mawe, maana hakumwamini. Mzee alipanda na mwavuli wa kufukuzia mbwa.

"Mwangaluka, mama," alisalimia siku ya kwanza. Alikuwa amezaliwa Magu, dukani kwa baba yake, na Kisukuma chake kilikuwa bora kuliko cha Paskazia, ambaye alikuwa amejifunza kwa mawifi na kukatishwa tamaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafagia?"

"Nafagia."

"Vizuri. Mimi nitakuja nyuma, palipo safi."

Ikawa hivyo. Paskazia mbele anafagia, Mzee Liaqat nyuma na mwavuli wake, wakipanda kwa mwendo wa ufagio, ambao baadaye daktari aliusifu. Kileleni kila mmoja alikuwa na jiwe lake la kukalia, na katikati kulikuwa na nafasi ya heshima. Walizungumza habari za pimbi. Yule mnene kapata watoto. Yule mgomvi leo kafukuzwa na wenzake. Mzee alidai mmoja anafanana na shemeji yake wa Shinyanga, na Paskazia, ambaye hakumjua huyo shemeji, alikubali. Bibi Gulbanu akipiga honi, wanashuka. Hawakuwahi kuzungumza jambo kubwa zaidi ya hayo, na yalitosha.

Kisha akaja Yakobo.

Yakobo alipunguzwa kiwandani siku moja na Paskazia, ila yeye aliyachukua maneno ya meneja moyoni. Alinunua lori kuukuu na kuingia kwenye biashara ya kokoto. Ulikuwa wakati wake. Nyumba zilikuwa zinaota Igoma kama uyoga, kila mwenye ndugu mjini anajenga, na kila anayejenga anataka kokoto. Alikuwa amepata ruhusa yake huko inakopatikana, na alikuja Nyamabale na vijana wenye nyundo na lori lililojaa matairi machakavu. Jiwe kubwa halipasuliwi kwa nyundo peke yake. Unaliwashia tairi juu mpaka lipate moto, linapasuka lenyewe, halafu ndiyo unagonga.

"Dada Paskazia!" alisema kwa furaha, maana alikuwa mtu mwema. "Hata wewe nitakuwekea nafasi. Kina mama ndio wanaogonga vizuri."

"Humo kwenye nyufa kuna pimbi," alisema Paskazia.

"Watahama."

"Watahamia wapi?"

"Milima imejaa, dada."

"Na huko nako mkifika?"

Yakobo alifikiri kidogo, kwa haki kabisa. "Basi nao watajitafutia," alisema.

Paskazia alirudi nyumbani akashindwa kula. Alimwona pimbi kwenye ufa wake, moto juu ya paa, na mtoto nyuma yake. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Nestory, ambaye alimsikiliza vizuri na kumweleza kwamba maendeleo hayawezi kusimama kwa ajili ya panya. Paskazia alisema si panya. Nestory alisema hata kama.

Asubuhi yake alipanda na ufagio kama kawaida, Mzee Liaqat nyuma. Vijana wa Yakobo walikuwa wameketi kivulini wakinywa uji, tairi la kwanza limeshalazwa juu ya jiwe. Paskazia hakuwa amepanga kitu. Alisimama mbele yao akasikia mdomo wake ukisema, "Nyie watoto, mnakaa hapo hamwogopi? Jana nimemwona chatu anaingia chini ya hilo jiwe. Mkia wake niliuona, kichwa kilishaingia zamani."

Vijana waliacha kunywa. Walimtazama yeye, halafu wakamtazama Mzee Liaqat, kisha wakatazama jiwe. Hapo lingeweza kwisha kwa kicheko. Lakini Mzee Liaqat alitupa mwavuli, akapiga ukelele, akashuka mlima mbio, pindo la kanzu mkononi, kiatu kimoja kikabaki njiani. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mtu wa umri ule, na wa sukari ile, akikimbia namna ile. Vijana walimfuata. Mmoja wao alimpita karibu na gari, lakini kwa shida.

Ilipofika mchana sokoni Mkuyuni chatu alikuwa na unene wa paja. Jioni alikuwa amemmeza mbuzi wa mtu anayejulikana kwa jina, ingawa mbuzi mwenyewe alionekana nyuma ya soko akila maganda. Yakobo alikuja na maneno matamu na ahadi za nyongeza, lakini hakupata mtu wa kuinua nyundo. Na kila aliyesimulia habari ya chatu alimalizia na habari ya Mhindi aliyekimbia, akaigiza, watu wakashika mbavu. Paskazia naye alicheka. Alimsimulia mumewe akiwa anasonga ugali, mpaka mwiko ukamponyoka.

Chenge hakucheka. Aliketi kwenye kigoda akimtazama.

"Umewaambia watu kuna chatu," alisema.

"Ndiyo. Wamekimbia wote."

"Watu gani?"

"Si hawa hawa wa hapa."

"Wasukuma," alisema Chenge. "Umewaambia Wasukuma kuna chatu. Mwezi wa sita."

Paskazia aliacha kusonga.

Ni kosa ambalo Mkerewe peke yake angelifanya, tena Mkerewe aliyekaa na Wasukuma miaka yote hiyo akidhani amewajua. Mahali pengine ukitangaza chatu mkubwa umefukuza watu. Usukumani umewaalika. Mavuno yakishaingia ghalani ni msimu wa mashindano ya ngoma, na tangu enzi za mababu ngoma ina pande mbili, Wagika na Wagalu, na kila upande uko tayari kufanya lolote ili watazamaji waukimbie upande wa pili. Wapo wanaocheza na majembe, na wapo wanaocheza na fisi. Na wapo wa nyoka, ambao mtu wao akiingia uwanjani na chatu begani, wapinzani wanabaki wanapiga ngoma zao wenyewe kwa wenyewe. Chatu mpya, mkubwa, wa mjini, ambaye hajawahi kuchezwa, ni neema inayofuatwa kwa miguu kutoka mbali.

Walifika Jumamosi. Ngoma zao zilisikika kabla hawajaonekana. Kiongozi wao aliitwa Ngosha, mwanamume mpana mwenye mifuko ya dawa kiunoni na sauti iliyozoea viwanja. Alikuwa wa mojawapo ya zile pande mbili, na sitaitaja maana ugomvi wake haujaisha. Nyuma yake walikuwepo wacheza ngoma wake, nyuma ya hao Mkuyuni nzima, na Nestory mwenyekiti amevaa koti. Watu walijaa chini ya mlima, kina mama wakauza karanga.

Ngosha alipanda na watu wake wakayazunguka mawe. Walinusa nyufa, wakachokoa kwa mikuki mirefu, wakayasukuma mawe madogo yakaporomoka hadi chini watu wakishangilia. Pimbi walipiga mluzi mpaka wakachoka. Paskazia alikuwa amejibanza kando ya mkuyu na hakujua aweke wapi mikono yake. Ndani ya asubuhi moja wale watu walikuwa wameharibu njia zaidi kuliko ambavyo Yakobo angefanya kwa wiki. Lakini hilo lilikuwa dogo. Jua lilipopanda na chatu hajatokea, Ngosha alisimama akazitazama nyasi, ambazo mwezi wa sita ni kavu kama karatasi, akaagiza kiberiti. Chatu, alieleza, hutokezwa kwa moshi. Wataanzia chini, pande zote, moto upande taratibu.

Hapo Paskazia alitoka. Aliwapita wacheza ngoma wote, akamfikia Ngosha juu ya jiwe, akasimama karibu naye kiasi cha kunusa dawa.

"Mwanangu, usichome."

"Shikamoo, mama. Usiogope, moto tunaujua."

"Hakuna chatu."

Ngosha alimwinamia. "Unasemaje?"

"Hakuna. Niliwadanganya. Nilitaka wasipasue mawe, kwa ajili ya hawa wanyama. Niadhibu mimi. Niite mwongo mbele ya watu wote, sawa tu, lakini kiberiti kirudishe mfukoni." Alikuwa analia, na hakujali.

Ngosha aligeuka. Alitazama chini kwenye umati. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo haikufanana naye hata kidogo, "Mama, nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Ni mtu wa kusema?"

"Hapana."

"Mimi nimeshawatangazia wapinzani," alisema Ngosha. "Toka juzi. Nimewatumia watu na ngoma mpaka nyumbani kwao. Nimewaambia mwaka huu wabaki na wake zao." Alifuta jasho. "Nikishuka hapa nikasema hakuna chatu, mama, mimi nitahama Usukuma."

Wakatazamana, mwongo mmoja na mwenzake aliyechelewa kidogo. Kisha Ngosha akavuta pumzi, akapanda juu ya jiwe la juu kabisa, pale anaposimama pimbi wa zamu, akainua mkuki.

Alisema amemwona. Alisema amezungumza naye. Huyu si chatu wa kuchezwa, ni mwenye mlima, na tangu alipoanza kazi ya nyoka hajakutana na mkubwa kama huyu. Kumtoa ni kuitoa mvua ya Mkuyuni. Atakayewasha moto hapa, atakayegonga jiwe hapa, atakayeleta mbwa hapa, asije kumtafuta Ngosha kuomba dawa, maana dawa yake haipo. Alisema vizuri sana. Paskazia mwenyewe, kwa kitambo kidogo, aliogopa.

Nestory alikuwa kiongozi mwepesi wa kuona mambo yanakoelekea. Kabla watu hawajatawanyika alikwishatangaza kwa kipaza sauti kwamba mtaa umepiga marufuku shughuli zote katika mlima wa Nyamabale, kwa usalama wa wananchi. Yakobo alipakia matairi yake na kuhamia upande wa Igoma, ambako milima haikuwa na wenyewe. Alimpungia Paskazia mkono alipopita. Hakuwa na kinyongo, alisema biashara ni biashara.

Jioni hiyo Paskazia alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu amzae Hellen. Alikaa uani akiutazama mlima wake ukiingia giza, mzima, na kila kiumbe ndani ya ufa wake. Asubuhi alivaa kitenge cha kwaya, akachukua ufagio, akaenda mlangoni. Chenge alikuwa amekaa kizingitini. Hakusogea.

"Unakwenda wapi?"

"Si nimezoea."

"Mama Hellen, juu kuna chatu."

"Baba Hellen, acha mchezo."

"Juu kuna chatu mkubwa, ana nguvu za mvua. Watu wote wanamwogopa. Sasa kuna mwanamke mmoja anapanda kwake kila asubuhi, anamfagilia njia, anashuka mzima." Kwa Chenge haya yalikuwa maneno mengi sana, na alipumzika kidogo kabla ya kumaliza. "Huyo mwanamke watamwitaje?"

Paskazia alibaki amesimama na ufagio mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa chai aliyokuwa ameitenga. Nje, Sabina alikuwa anafagia uwanja wake huku akiutazama mlango wao.

Akarudi ndani. Alikuwa ameuokoa mlima, na mlima ukamfungia mlango. Alilia siku ile, na nyingine pia, na hakuna aliyemuuliza analia nini kwa sababu Chenge pekee ndiye aliyejua na Chenge hakuwa muulizaji. Baadaye alianza kukaanga mapanki sokoni, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayotoka viwandani nyama ikishasafirishwa kwa ndege. Ilikuwa kazi na jasho na moshi, na wateja hawakukosekana. Njia ya mlimani iliota nyasi, na pimbi akawa anawaona toka uani tu, kwa mbali. Mvua kubwa za mwaka ule wa mafuriko zikaja zikazoa mawe bapa aliyokuwa amepanga kwenye utelezi.

Kuhusu Mzee Liaqat, hakumwona tena, wala hakushangaa. Gari halikuja tangu siku ya mbio. Alimhesabu miongoni mwa waoga, bila ubaya, kama unavyomhesabu mtu miongoni mwa wafupi. Ila zipo asubuhi, akiwa amesimama mbele ya mafuta yanayochemka, ambapo alitamani kumwambia mtu kwamba yule mnene kapata watoto tena, na alijua mtu mwenyewe ni mmoja tu.

Ndipo Aftab alipopita sokoni akamwambia kwamba baba yake alikuwa amekatwa mguu, chini ya goti. Sukari ilipanda, kidonda kikakataa kupona. Mzee alikuwa ameacha kutembea zamani, Aftab alisema. Barabarani alisema vumbi, nyumbani alisema kuna joto, kokote walikompeleka alisema si kama kule.

Paskazia alivaa vizuri akaenda mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge. Bibi Gulbanu alimkaribisha akaenda kupika chai. Mzee Liaqat alikuwa kitandani dirishani, amekonda, shuka limelala bapa mahali ambapo mguu ungekuwa. Paskazia aliliona shuka lile, akaketi kando ya kitanda. Kwa njia nzima alikuwa amepanga maneno. Uongo wake ndio uliomkalisha mzee huyu chini. Hakuwa na namna ya kulikwepa.

"Mzee," alisema, "nina jambo la kukuomba msamaha. Yule chatu..."

"Hakuwepo," alisema Mzee Liaqat.

Paskazia aliinua kichwa.

"Mama Hellen, mimi mtoto wa Magu. Nguo za ngoma, Wagika na Wagalu wote, walinunua kwa baba yangu. Penye chatu pimbi hawakai juani wamejinyoosha hivyo."

"Sasa ulikimbia nini?"

"Wale vijana," alisema mzee. "Uliposema, hawakukuamini. Mmoja alishaanza kucheka. Wakanitazama mimi, waone mimi nitafanyaje." Akatikisa mabega. "Nikakimbia."

Nje honi zilipigwa, mtu akatangaza bei ya nyanya. Paskazia alikumbuka kiatu kilichobaki njiani, na soko zima likiigiza, na mwiko ukimponyoka kwa kicheko jikoni kwake.

"Na baada ya hapo? Ungerudi. Hakuna ambaye angekuua wewe."

"Ningerudi, wangesema hata yule Mhindi mwoga anapanda, basi hakuna kitu. Yakobo angekuwa pale kesho yake." Alizungumza bila haraka, kama mtu anayeeleza kwa nini duka hufungwa mchana. "Gulbanu hajui. Amenicheka mpaka leo. Usimwambie, anafurahi."

Paskazia aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, yule mama ambaye sauti yake iliwafukuza wachawi. Mzee Liaqat alimwacha alie. Kisha akamgusa bega kwa kidole kimoja, kwa adabu.

"Wapo?" aliuliza.

"Wapo," alisema Paskazia. "Wameongezeka. Asubuhi jiwe lote limejaa, mpaka wanasukumana."

"Basi vizuri," alisema Mzee Liaqat. Bibi Gulbanu akaingia na chai, akauliza huyu mama analia nini, na mumewe akamwambia kwamba analia kwa sababu ya mguu.